Slaidi za Kozi ya Mtandaoni: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara na Walimu wa Lamu

Tangu tuanze kufundisha kozi yetu ya nakshi na nyumba za kale kwa njia ya mtandao, haipiti wiki bila mwalimu mwenzetu kuuliza: slaidi zangu niwafikishie vipi wanafunzi? Mmoja anafundisha uongozaji wa watalii, mwingine ushonaji, mwingine Kiarabu cha wanaoanza. Maswali yao yanafanana kwa sababu wanafunzi wao wanafanana. Yuko wa Mkomani, mjini Lamu, mwenye laptopu na intaneti ya nyumbani. Yuko wa Kizingitini, kisiwani Pate, mwenye simu ya kioo kilichopasuka na bando la siku moja. Yuko aliyehamia Jeddah, anayesoma usiku akitoka kazini. Faili moja inawaendea wote watatu, na ikimfaa yule wa Kizingitini, wale wengine wawili hawatakosa kitu. Ndiyo maana majibu yote ya hapa chini nimeyaandika nikimfikiria yeye kwanza.

Nitume faili ya PowerPoint yenyewe, au niigeuze PDF?

Igeuze PDF, na hiyo ndiyo iwe ya kwanza mwanafunzi kuiona. Adobe waliitoa PDF mwaka 1993 kwa shabaha moja: ukurasa uliopangwa hapa uonekane vilevile kule. Mwaka 2008 ikawa kiwango cha kimataifa cha ISO, na leo ni nadra kukuta simu janja isiyoifungua. Faili ya PowerPoint ni kitambaa kilichokatwa lakini hakijashonwa. Umbo lake la mwisho linategemea cherehani ya aliyekipokea. Mwenye PowerPoint ya kisasa ataona ulichokusudia. Mwenye LibreOffice, programu ya bure inayofanana nayo, ataona kinachokaribia. Mwenye simu anayeifungua kwa programu yoyote aliyo nayo huenda akakuta picha imelalia maandishi, au mshale unaoelekeza mahali pasipo na kitu.

Wapo wanaohitaji faili ya kubadilika: mwalimu mwenzako atakayeifundishia, mwanafunzi anayejaza zoezi ndani ya slaidi, mtu anayekufasiria. Hao wape. Weka faili mbili, PDF juu na PowerPoint chini yake, na kila moja uiandikie ni ya nani na ina uzito gani. Mimi huandika "Ya kusoma, MB 2" na "Ya walimu wanaotaka kuibadilisha, MB 9". Ule uzito usiuache. Mwenye bando dogo ana haki ya kujua anabonyeza nini kabla bando halijaisha.

Kama faili yako bado inaishia na .ppt, ni ya mtindo wa kabla ya Office 2007. Ifungue uihifadhi upya iwe .pptx kabla ya kumpa mtu.

Kwa nini maandishi yangu yanavurugika kwenye simu ya mwanafunzi, na kwangu yako sawa?

Ni fonti, yaani mtindo wa herufi. Slaidi ya PowerPoint kwa kawaida haibebi fonti ndani yake, hubeba jina la fonti tu. Simu ya mwanafunzi ikikosa fonti ya jina hilo, huchukua nyingine iliyo karibu, ambayo ni nene zaidi au nyembamba zaidi, na mistari yote huhama. Neno la mwisho la kichwa hushuka chini, sentensi hutoka nje ya kisanduku.

Kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi hasara yake ni ndogo, mtu atasoma tu. Kwa herufi za Kiarabu ni msiba. Tuna somo la maandishi yaliyochongwa juu ya milango, na ndani yake tumeweka mistari ya Kiswahili kilichoandikwa kwa hati ya Kiarabu kama walivyoandika wazee wetu. Mwaka wa kwanza nilituma PowerPoint tupu. Mwanafunzi mmoja wa Faza akanitumia picha ya skrini yake. Herufi zote zilikuwa zimeachana, kila moja imesimama peke yake, na zinakwenda kutoka kushoto kwenda kulia. Ile *pe* yenye nukta tatu chini, ambayo Kiarabu chenyewe hakina lakini Kiswahili huihitaji kwa sauti ya p, ilikuwa imegeuka kisanduku kitupu. Naye akaniuliza kwa adabu kabisa: "Mwalimu, hivi ndivyo mafundi wa zamani walivyoandika?" Kama asingeuliza, angebaki na itikadi hiyo.

Dawa yake ya kwanza ni PDF, kwa sababu inapotengenezwa hubeba umbo la herufi ndani yake. Dawa ya pili, kwa wale wanaohitaji PowerPoint, ni kuifunga fonti ndani ya faili: katika PowerPoint ya Windows nenda kwenye mipangilio ya kuhifadhi, utakuta chaguo la kupachika fonti. Faili itanenepa kidogo, na baadhi ya fonti haziruhusu kufanywa hivyo. Dawa ya tatu ni kuugeuza mstari mmoja mgumu kuwa picha. Hii naitumia kwa uchache, kwa sababu maandishi yaliyogeuzwa picha hayatafutiki, hayanakiliki, na programu inayomsomea asiyeona huyapita kama ukuta mtupu.

Wasilisho langu lina MB 100. Nilipunguze vipi bila kuharibu picha?

Swali hili nalipenda, kwa sababu picha ndiyo roho ya somo letu. Huwezi kumfundisha mtu nakshi kwa maneno. Lakini uzito mwingi wa faili zetu hauna faida kwa jicho.

Chukua picha moja ya mlango iliyopigwa kwa simu ya kawaida ya megapikseli 12. Ina nukta 4000 kwa 3000, na uzito wake ni MB 3 au 4. Skrini nyingi za laptopu na projekta haziwezi kuonyesha zaidi ya nukta 1920 kwa 1080. Maana yake, unambebesha mwanafunzi mzigo ambao skrini yake inautupa. Ukiwa na picha 25 kama hiyo, umefika MB 100. Sasa zidisha kwa wanafunzi 30: GB 3 za bando zimelipwa na watu ambao baadhi yao hununua bando la shilingi 20.

Punguza picha kabla ya kuiingiza kwenye slaidi. Upana wa nukta 1600 mpaka 1920 unatosha, na ukiihifadhi kama JPEG aghalabu haifiki MB 1. Ikiwa zimeshaingia zote, PowerPoint ina amri ya kubana picha: bonyeza picha, nenda kwenye kichupo cha picha, chagua kubana, uondoe alama kwenye "picha hii tu" ili ibane zote. Utaulizwa kiwango cha nukta kwa inchi. 220 ni cha kuchapisha, 150 kinatosha skrini, 96 ni cha kutuma kwa barua pepe. Mimi hutumia 150.

Picha za skrini zenye maandishi na michoro ya mistari zihifadhi kama PNG, kwa sababu JPEG huacha ukungu kando ya mistari. Picha za kamera zisiwe PNG, zitakuwa nzito bure.

Pale ambapo mwanafunzi anahitaji kweli kuona kila mkwaruzo wa patasi, usiipandishe picha nzima. Kata kipande. Tuna slaidi moja ya kizingiti cha juu chenye ua la duara katikati. Zamani tulikuwa tunaweka mlango mzima kwa ubora wa juu na kuwaambia watu wakuze. Sasa kuna slaidi mbili: mlango mzima kwa picha nyepesi, kisha ua peke yake limejaza skrini, mpaka unaona mahali fundi alipogeuza mkono akafuata mishipa ya mti. Faili imekuwa nyepesi na somo limekuwa wazi zaidi.

Nikikata sehemu ya picha ndani ya PowerPoint, ile sehemu inaondoka kweli?

Haiondoki. Imefichwa tu. Yeyote atakayepata faili ya PowerPoint anaweza kuirudisha kwa kubonyeza mara mbili.

Kwetu hili si jambo dogo. Nyumba ya Lamu imejengwa kwa sitara: daka (kibaraza cha mlangoni), ukuta usio na dirisha upande wa njia, vyumba vinavyofuatana mpaka ndani. Mwenye nyumba akikuruhusu upige picha mlango wake, amekuruhusu mlango. Ikiwa nyuma yake alikuwa amesimama binti yake, nawe ukamkata kwenye slaidi, sura yake bado imo ndani ya faili unayoituma kwa watu 30 usiojua wataipeleka wapi. Unapobana picha, hakikisha umeweka alama kwenye kufuta sehemu zilizokatwa. Au, jambo nililolishika mimi, kata picha kwenye simu kwanza, ihifadhi upya, ndipo uiingize.

Zaidi ya heshima, Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na picha inayomtambulisha mtu ni data yake. Omba ruhusa, ya picha na ya kuisambaza.

Si niweke tu kwenye Google Slides niwape kiungo?

Inafaa, na ina faida moja ambayo faili haina: ukisahihisha kosa, kila mwenye kiungo anaona toleo jipya. Lakini angalia mambo matatu.

La kwanza ni ruhusa. Wasilisho jipya la Google linakuwa lako peke yako mpaka ulifungue kwa "mtu yeyote aliye na kiungo", awe mtazamaji. Usiku mmoja wa Ijumaa niliweka kiungo cha somo la pili nikaenda kulala. Asubuhi nilikuta rundo la maombi ya ruhusa kwenye barua pepe. Mama mmoja wa Matondoni, ambaye alikuwa ameamka alfajiri ili asome kabla watoto hawajaamka, alidhani ameondolewa kwenye kozi, na hakuuliza mtu kwa aibu. Nililijua hilo baada ya siku nne. Tangu hapo kila kiungo nakijaribu kwenye dirisha la faragha la kivinjari, ambapo Google hanijui, kabla sijakitoa.

La pili, usiwape uhariri kwa bahati mbaya. Mmoja akifuta slaidi akidhani anafuta kwake, imefutika kwa wote. Unaweza kuirudisha kupitia historia ya matoleo, lakini kwa wakati huo darasa zima limechanganyikiwa.

La tatu ni kwamba kiungo kinataka mtandao kila kinapofunguliwa. Mtandao ukipotea, somo limepotea. Kwa hivyo hata ukitumia Google, wape na njia ya kupakua.

Kuna hila ndogo hapa ambayo walimu wengi hawaijui. Angalia kiungo chako, mwishoni kina neno *edit* na herufi nyingine baada yake. Futa kuanzia hapo. Ukiandika *preview* mahali pake, mwanafunzi ataona slaidi tu bila vitufe vya uhariri. Ukiandika *copy*, ataulizwa kama anataka nakala yake mwenyewe, nayo itaingia kwenye akaunti yake ya Google. Nzuri sana kwa mazoezi ya kujaza. Ukiandika *export/pdf*, simu itaanza kupakua PDF mara moja. Wasilisho moja, viungo vitatu, kila kimoja na kazi yake. Mimi naweka cha tatu juu kabisa.

WhatsApp je? Wanafunzi wote wako huko.

Wako, na itumie, lakini kama tarishi, si kama kabati. Faili iliyotumwa Jumatatu, kufika Alhamisi imefukiwa na salamu, matangazo ya mazishi na picha za harusi. Anayejiunga wiki ya tatu mara nyingi hulazimika kuomba atumiwe upya. Anayefuta vitu simu ikijaa anafuta na somo.

Tuma kiungo cha mahali slaidi zilipo, na PDF nyepesi kwa wanaotaka kuichukua hapohapo. Itume kama hati. Usiigeuze kila slaidi kuwa picha na kuzituma 20 kwa mkupuo: WhatsApp huzibana picha, maandishi madogo yanakuwa ukungu, na mpangilio unavurugika. Tangu 2022 WhatsApp inapokea hati ya mpaka GB 2, lakini kupokelewa kwa faili hakumaanishi mwanafunzi anaweza kuilipia.

Chuo chetu kinatumia Moodle. Niipakie kama faili, folda, au niipachike kwenye ukurasa?

Moodle, programu ya kuendeshea kozi mtandaoni, ilianzishwa na Martin Dougiamas wa Australia, toleo lake la kwanza likatoka 2002, na vyuo vingi vya Kenya vinaitumia. Inakupa njia nyingi mpaka zinachosha.

Kama kila wiki una wasilisho moja, tumia faili. Kama una wasilisho, zoezi na picha za ziada, tumia folda, kwa sababu mwanafunzi anaweza kuipakua nzima kwa mkupuo mmoja. Kupachika ndani ya ukurasa kunapendeza kwenye laptopu. Kwenye simu kunaleta dirisha dogo ndani ya dirisha, na mtu anasukuma kidole bila kujua anasogeza lipi. Kwenye mipangilio ya faili chagua kulazimisha upakuaji kama wengi wako kwenye simu.

Waambie pia kuwa kuna programu ya Moodle ya simu, inayoweza kupakua masomo ili yasomwe bila mtandao. Wengi hawajui. Mwanafunzi anapokuwa mjini karibu na Wi-Fi anayavuta yote, kisha anayasomea nyumbani.

Na asiye na mtandao kabisa?

Yupo, usimsahau. Boti za Pate husubiri maji kujaa ndipo zipite mkondo wa Mkanda, na wakati wa kusi bahari ikichafuka safari zinapungua, lakini kadi ya kumbukumbu inafika. Kila mwezi tunajaza PDF zote na sauti zake kwenye flashi moja na kwenye kadi ndogo mbili, tunampa mwanafunzi anayesafiri, naye anawagawia wenzake wa Siyu, Faza na Kizingitini simu kwa simu. Ndiyo sababu nyingine ya kutaka faili nyepesi zisizohitaji akaunti wala neno la siri. Kiungo hakipandi boti.

Kwa wanaotaka karatasi, tengeneza toleo la slaidi nne kwa ukurasa, mandhari meupe. Slaidi zenye mandhari meusi humaliza wino wa saiba, na anayelipa ni mwanafunzi.

Nizitoe kabla ya somo au baada?

Kabla, angalau siku moja. Mwenye mtandao hafifu atasikiliza sauti yako akiwa na PDF mkononi, bila kuhitaji video ya skrini. Kama una slaidi ya jibu usiyotaka waione, iondoe kwenye toleo la kwanza.

Wanafunzi wanasema slaidi "hazielezi kitu". Nina maneno mafupi kama tulivyofundishwa.

Wanasema kweli, na wewe hukukosea. Slaidi ya kusimamia mbele za watu ni kitu kimoja, na slaidi ya kusomwa na mtu peke yake ni kitu kingine. Ya kwanza inakutegemea wewe. Ya pili inabeba somo yenyewe.

Nina slaidi yenye picha ya mlango na neno moja: *Mfaa*. Darasani nazungumza juu yake dakika kumi. Mwanafunzi aliyekuwa kwenye Maulidi wiki hiyo akaifungua, akaona neno na mlango. Alijifunza nini? Sasa chini ya slaidi hiyo, kwenye sehemu ya maelezo ya mzungumzaji, kuna haya: "Mfaa ni ule mti wa katikati unaosimama baina ya mbao mbili za mlango. Umeshikamana na ubao mmoja na kuufunika ukingo wa wa pili, ndiyo maana ubao mmoja hutangulia kufunguka. Utazame mlango wa nyumba iliyo karibu nawe: upi hutangulia, wa kulia au wa kushoto?" Aliyekosa darasa anaweza kuinuka akaenda kuutazama.

Ukishaandika maelezo, yatoe pamoja na slaidi. Katika PowerPoint, unapohifadhi kama PDF, fungua chaguo na uchague kurasa za maelezo badala ya slaidi. Katika Google Slides, fungua onyesho la kuchapisha, chagua slaidi moja pamoja na maelezo, kisha pakua kama PDF. Hii ndiyo kazi inayochukua muda kuliko zote kwenye ukurasa huu, nami naiona ndiyo yenye faida kuliko zote. Kama una saa mbili tu wiki hii, zitie hapa.

Je, nirekodi video badala yake?

Kama unaonyesha mwendo wa mkono, ndiyo: jinsi ya kushika patasi haielezeki kwa picha iliyosimama. Kama unazungumza tu juu ya slaidi, tumia PDF na faili ya sauti. Sauti ya MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde inachukua chini ya nusu MB kwa dakika. Somo la dakika 20 halifiki MB 10. Taja namba ya slaidi kila unapogeuza: "sasa tuko ya saba." Na namba ionekane kwenye slaidi yenyewe.

Vipi kuhusu vitu vinavyoruka na kutokea kimoja kimoja?

PDF haina habari navyo. Vyote vitaonekana kwa pamoja, na kama ulipanga picha tatu zibadilishane mahali pamoja, zitalaliana. Zigawe ziwe slaidi tatu.

Nina mwanafunzi asiyeona vizuri. Nimsaidieje?

Muulize yeye kwanza anatumia nini. Kisha kila picha iwekee maelezo mbadala: bonyeza picha kwa kitufe cha kulia, utakuta chaguo hilo, uandike kilichomo kana kwamba unamsimulia mtu kwa simu. "Mlango wa mbao mbili, kizingiti cha juu kina ua la duara na mzabibu pande mbili." Usiandike "picha ya mlango".

Kila slaidi iwe na kichwa kilichowekwa kwenye kisanduku cha kichwa hasa, kwa sababu programu ya kusoma hukitumia kupita kutoka slaidi hadi slaidi. Rangi zitofautiane: miongozo ya W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, inataka uwiano usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa makubwa. Kijivu juu ya nyeupe, ambacho kimekuwa mtindo, mara nyingi hakifiki, na hata mwenye macho mazima hakioni juani pale gatini. Na PDF itengeneze kwa amri ya kuhifadhi au kuhamisha. Usiitengeneze kwa amri ya kuchapisha, maana kuchapisha hupoteza muundo huo wote na viungo pia.

Niziweke hadharani, mfano SlideShare?

Ukitaka dunia izione, unaweza. SlideShare, tovuti ya kuwekea slaidi hadharani, ilianza 2006, ikanunuliwa na LinkedIn 2012, ikahamia Scribd 2020. Kwa darasa siipendekezi: kuna matangazo, na anayetaka kupakua hudaiwa kujisajili. Historia hiyo yenyewe inakuonyesha kwamba mahali pa mtu mwingine huweza kubadili mmiliki. Waliofunga masomo yao ndani ya Flash, programu ya zamani ya michoro inayosogea, waliyapoteza Adobe walipoacha kuihudumia mwisho wa 2020. Weka popote, lakini faili ya asili na PDF yake ziwe kwako, sehemu mbili tofauti.

Sitaibiwa kazi yangu?

Hofu hii naiheshimu, hasa kwa mafundi ambao michoro yao ni urithi wa babu. Kazi yako inalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya 2001 bila kuisajili. Lakini kuzuia upakuaji kwenye Google hakumzuii mtu kupiga picha ya skrini. Kunamzuia tu mwanafunzi mwaminifu asiye na mtandao. Afadhali useme wazi unaruhusu nini. Leseni za Creative Commons, zilizotoka kwa mara ya kwanza 2002, zinakupa maneno tayari: CC BY inaruhusu yote mradi utajwe, CC BY-NC inakataza biashara. Andika kwenye slaidi ya kwanza, na jina la fundi aliyechora liwe pamoja na lako. Mchoro ambao familia haitaki utoke, usiuweke kwenye slaidi kabisa.

Nimeona kosa baada ya kutuma. Nifanyeje?

Usitume faili ya pili yenye jina jingine, watu watabaki na mbili wasijue ya kweli. Kwenye Moodle, badilisha faili ndani ya kitu kilekile. Kwenye Google Drive, PDF ina sehemu ya kusimamia matoleo: pakia mpya hapo, kiungo hakibadiliki. Kisha waandikie kundini ni slaidi ipi na kosa lilikuwa nini, kwa ajili ya walioshapakua. Jina la faili lianze na namba ya somo, lifuate jambo lenyewe, na tarehe mwishoni: *04-vizingiti-2025-03-10*. Zitajipanga zenyewe kwenye simu ya kila mtu.

Nitajuaje kama njia niliyochagua inafanya kazi?

Azima simu ya mtu wa nyumbani asiye na akaunti yako, iliyo duni kuliko yako. Mtumie kiungo kama ungemtumia mwanafunzi. Usimwelekeze. Tazama anabonyeza wapi na anasita wapi. Akishaifungua, zima data, funga programu, mwambie aifungue tena atoke nayo nje kwenye jua, akusomee slaidi ya tano.